Siku Nilipoikaribisha Ndege Nyumbani kwa Baba Mkwe

Haya, leo nasema mwenyewe, maana nimechoka kuisikia habari yangu kutoka kwa watu ambao hawakuwepo, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, mpaka juzi sokoni Nkwenda nikamsikia mama mmoja muuza maharage anasema eti nilimvuta rubani kwa mkono akaanguka kwenye migomba. Sikumvuta mtu. Aibu niliyoipata inatosha ilivyo, haihitaji nyongeza. Nilijikuta shimo moja na baba mkwe wangu, mimi nimevaa gauni la ndani, asubuhi kumekucha (kulikuwa na ukungu, ni kweli, lakini si ukungu wa kuficha kitu kama kile), na wanaume wazima wakasimama ukingoni wanatutazama. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Sasa kaeni niwaeleze niliingiaje humo.

Mwingereza alikuwa bado yupo, na hizi habari za kusema Kyerwa ni wilaya na Karagwe ni wilaya hazijaanza, yote ilikuwa Karagwe tu. Nilitoka kwetu Chonyonyo nikaolewa Isingiro na Felisiani, mtoto wa mzee Tibenda, na siku ninazozisema nilikuwa bado bibi harusi wa ndani. Ninyi wa siku hizi mnafunga ndoa Jumamosi, Jumatatu mko sokoni mnabishania dagaa. Sisi tulikaa nyuma ya kiambaza cha matete, tunakula, tunanenepa, tukitoka kidogo uani tunajifunika shuka jeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kubwa kuliko yote, hukutani uso kwa uso na baba mkwe. Mzee Tibenda naye alikuwa mtu wa heshima zake. Akitaka kupita nyuma ya nyumba alianza kukohoa tangu kwenye mibuni, ili nipate nafasi ya kujificha. Kikohozi chake nilikijua kabla ya sura yake. Nilijua cha njaa, nikajua cha hasira, lakini mngenionyesha wazee watatu mkaniuliza baba mkwe wako ni yupi, ningewaomba kwanza wakohoe.

Felisiani alikuwa kibarua kwenye machimbo ya bati, ng'ambo ya kilima. Siku moja jiwe likaporomoka shimoni likampata mguu, chini ya goti, mfupa ukavunjika vibaya. Chumba cha dawa cha machimbo kilikuwa kimejaa wenye homa, basi vijana wakamfunga kwenye machela yetu ya fito na kamba, ile tunayoiita engozi, wakamvusha kilima wakamleta kwa mama yake. Nilimsikia kabla sijamwona. Mwanaume aliyekuwa anashika fahali kwa pembe alikuwa analia kama mtoto aliyenyimwa uji, na kila wabebaji walipoteleza kwenye tope alimwita mama yake kwa jina lake la ubatizo. Kilio kile kiliniingia, na ndicho kilichonipeleka kubaya.

Jioni akaja karani wa machimbo, Projesti, mtu wa Muleba, kaptula ya kaki na soksi mpaka magotini. Alikuja na Laurenti, dresa, yule aliyekuwa anafunga vidonda. Mimi nilikuwa nyuma ya matete, sikio limebandikwa.

"Shikamoo mzee Tibenda."

"Marahaba, karani. Lete maneno."

"Bwana meneja amezungumza na Bukoba kwa redio. Ndege inakuja kesho asubuhi kumchukua mgonjwa, itatua kwenye uwanja wetu kule mgongoni mwa kilima. Ukungu ukiwepo tutawasha mioto miwili ya majani mabichi, mmoja mwanzo wa uwanja, mmoja mwisho. Moshi utatoboa ukungu, rubani ataona, atashuka katikati. Akishatua nitagonga chuma cha reli. Mkisikia chuma, ndipo mumbebe mje."

"Kwa nini tusimpeleke mapema akangoje huko?" mama mkwe akauliza.

"Na ndege isiposhuka? Mtampandisha kilima na kumshusha, mguu ule? Mama, msimtese mara mbili."

"Kwani inaweza isishuke?"

"Rubani asipoona ardhi anarudi Bukoba. Hashuki kwa kubahatisha."

"Basi atakuja siku nyingine."

Aliyejibu ni Laurenti, tena kwa sauti ya chini, lakini sikio langu lilikuwa na njaa. "Mama, vidole vya mguu vimeanza kupoa. Barabara mvua imeikata, lori halipiti. Mguu huu usipofika hospitali kesho, utakatwa. Na hapo namshukuru Mungu kama utakaokatwa ni mguu peke yake."

Sikulala. Nilifikiri, na mimi kufikiri kwangu siku zote ndiko kunakowapa watu kazi. Nikajiambia hivi: ndege inafuata moshi, karani kasema mwenyewe. Chini ya kibanja chetu cha migomba na mibuni kuna rweya, uwanda wa nyasi ambako mzee Tibenda alichunga ng'ombe, mpana, umenyooka (mimi nilikuwa nimeuona kupitia tundu la shuka, na kupitia tundu la shuka kila kitu kimenyooka). Sasa kama moshi uko huko kilimani ndege inashuka kilimani, basi moshi ukiwa hapa itashuka hapa. Felisiani atatolewa mlangoni, hatua chache, ndani ya ndege, hakuna kilima, hakuna tope, hakuna kulia. Nikashangaa jinsi wanaume wote wale, pamoja na karani na soksi zake, hawakuliona jambo jepesi kama hili. Nikawahurumia hata.

Kulipokucha hapakuwa na kilima, hapakuwa na kibanja, palikuwa na ukungu. Ule wa kwetu mnaujua, unalala bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Wabebaji walikuwa wameshafika uani na engozi yao wamekaa wanangoja chuma. Majina yao yote ninayo lakini nitawatajia wawili tu waliokuwa na midomo, Bernado na Rwezaura. Mama mkwe alikuwa na rozari kando ya mgonjwa. Mimi nikachukua kaa la moto kwenye kigae, nikatoka kwa mlango wa nyuma na shuka langu jeupe, nikapita kwenye migomba mpaka rweya.

Majani makavu ya migomba yalinipa moto, ila moshi mzito unataka kitu kibichi, na umande ulikuwa umeloweka kila kitu mpaka kikawa kinazima badala ya kufuka. Nikarudi ndani. Mama mkwe alikuwa ametandika nyasi mpya sebuleni kwa ajili ya wageni, zile ndefu nzuri, mbichi, zinanukia. Nikazikunja zote. Nimesema zote. Felisiani aliyekuwa amelala chumbani akasikia mchakacho.

"Koku? Unafanya nini huko?"

"Nasafisha, baba. Wewe pumzika."

Uongo wangu wa kwanza katika ndoa, nao nilimwambia mtu aliyevunjika mguu.

Moshi niliopata, wajukuu zangu, sijawahi kuuona mwingine. Ulipanda mnene, mweupe, ukaingia kwenye ukungu ukapotea juu kama nguzo ya kanisa. Nikasimama kando yake mikono kiunoni. Nilikuwa najivuna. Nikawa natunga na maneno nitakayoambiwa jioni, mama mkwe akinishukuru, wifi zangu wakinionea wivu.

Ndipo nikaisikia. Kwanza kama nyuki kwenye mzinga wa mbali, kisha kama mashine ya kukoboa. Ilizunguka juu ya ukungu, ikaenda upande wa machimbo, ikarudi, ikaenda, ikarudi. Nikaona inasitasita, kama mgeni asiyejua mlango ni upi. Basi nikalivua shuka. Nimelivua, nikalishika kwa ncha mbili, nikaanza kulipunga na kuruka huku na huku nikiita, "Huku! Karibu! Karibu huku!" kana kwamba rubani alikuwa amekaa kwenye kochi la nyumba ya jirani. Ndani ya shuka nilikuwa na gauni la ndani, jepesi, mikono wazi. Sikuwa na wasiwasi, ukungu ulikuwa mzito, nani angeniona?

Mzee Tibenda. Alikuwa uani na wabebaji, akaona moshi unatoka nyuma ya nyumba, akajua nyumba inaungua na mtoto wake mgonjwa yumo. Mtu anayekimbilia nyumba inayoungua hakohoi. Akatokeza kwenye ukungu mbio, fimbo juu, akasimama mbele yangu karibu kiasi kwamba nilihesabu mvi za ndevu zake, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona baba mkwe wangu. Ana macho madogo. Nilipaswa kujifunika, na shuka liko mikononi lakini liko hewani, linapepea.

"Maawe!" nikasema.

Yeye alifumba macho, mzee wa watu, akageuza uso ili anisitiri. Na hapo hapo mlio ukawa mkubwa mpaka meno yakatetemeka, ukungu ukapasuka, na ndege ikatoka humo, kubwa kama ghala la kahawa, inatujia sisi. Si juu yetu. Sisi. Niliyaona magurudumu. Nilimwona na mtu ndani, kakodoa macho.

Kwenye ile rweya niliyosema imenyooka kulikuwa na vichuguu vya mchwa kila mahali, na palipo na mchwa wengi muhanga hukosi, na palipo na muhanga kuna shimo. Mzee Tibenda alilijua shimo hilo maana lilimvunjia ndama. Akanishika mkono, akanitupa humo, kisha naye akaingia, na shimo la muhanga halikuchimbwa kwa watu wawili. Ndege ikapita juu yetu na upepo wake, ikanguruma kwa ukali wa ajabu, ikajiinua, ikakata vilele vya migomba kadhaa ya mama mkwe, ikapotea ukunguni.

Kimya. Nyasi za mama mkwe zinafuka. Goti la baba mkwe liko mbavuni mwangu. Tukajaribu kutoka wote kwa pamoja, tukakwama zaidi.

Tulipoinua macho, ukingoni kulikuwa na nyuso. Bernado alikuwa wa kwanza kupata maneno.

"Mzee, tuwasalimie au turudi baadaye?"

"Nyamaza, nguruwe wewe! Tuvute!"

"Tunaanza na nani? Mila inasemaje?"

Rwezaura alikuwa amekaa chini kabisa, anacheka hana sauti. Walituvuta. Nikajifunika shuka (lilikuwa na tope na tundu la moto), nikawa nimesimama kama mzuka wa maskini, na kilichonitoa machozi si aibu, ni ule mlio. Ulikuwa unakwenda mbali, upande wa Bukoba. Kicheko kikaisha chenyewe. Wote tukatega masikio, tukamsikia yule mtu akiamua kwa injini yake.

"Anaondoka," Rwezaura akasema.

"Hapana. Anageuka. Sikia," Bernado akamkatiza.

"Anashuka... Anashuka... Haa, kapanda tena."

"Haamini chochote sasa. Anaona mioshi mitatu, ataujuaje wa kweli?"

Mzee Tibenda akanigeukia. Kanigeukia mimi, uso kwa uso, akasema neno lake la kwanza kwangu tangu nimeolewa. "Mwanangu. Huu moto ni wako?"

"Ni wangu, tata," nikamjibu, yaani baba.

"Uzime."

Maji yalikuwa kisimani, bondeni, kwenda na kurudi ndege ingekuwa imeshafika Bukoba. Nikakanyaga, nikaunguza kisigino. Wakapiga kwa matawi, nyasi mbichi zikazidi kufuka. Kilichokuwa karibu ni mtumbwi wa rubisi, pombe ya ndizi aliyoiandaa mzee Tibenda kwa ajili ya hao hao wabebaji, imefunikwa majani ya migomba, imeiva siku hiyo. Tukatazamana. Bernado akaanza kutikisa kichwa.

"Mzee, usiseme."

"Ibebeni."

"Mzee, hii ni pombe ya watu! Mguu wa Felisiani tunaupenda, lakini na sisi..."

"Bernado! Beba!"

Wakaibeba nyuso zao zimeanguka kama wanaozika, wakaimwaga yote juu ya moto wangu. Moto ukazima kwa mlio mrefu, na harufu ikapanda, na Rwezaura akavua kofia.

Moshi ukakonda, ukapotea. Mlio ukaja tena, mara hii hautujii sisi, ulikwenda moja kwa moja nyuma ya kilima, ukawa unashuka, unashuka, kila mtu amekunja ngumi, nami nilikuwa nasema Salamu Maria naziunganisha vichwa na mikia. Halafu ukakatika. Hatukujua umekatika kwa heri au kwa shari. Kisha kutoka ng'ambo chuma cha reli kikaanza kulia, na sikumbuki kengele ya kanisa iliyowahi kulia vizuri kuliko chuma kile.

Walimbeba Felisiani karibu mbio. Mama mkwe akataka nibaki ndani, bibi harusi hapandi kilima mbele za watu. Mzee Tibenda akasema bila kugeuka, "Aje. Tumeshalala shimo moja, anaficha nini tena?" Nikaenda. Mama mkwe hakupinga, alikuwa ametoka kuiona sebule yake haina nyasi, na uso wake ulinifanya nione kilima ni salama zaidi.

Uwanjani walikuwepo watu wote wa machimbo. Rubani, kijana wa Kizungu mwenye masikio mekundu, alikuwa ameketi kwenye gurudumu anavuta sigara. Karani Projesti akamtafsiria mbele ya watu wote, kwa sauti ile ya kusomea amri.

"Rubani anasema hivi. Yeye kabla ya kushuka anajiwekea kimo. Akifika kimo hicho hajaiona ardhi, anapanda, habishani na mtu, hata na nafsi yake. Leo alibishana. Alijua kuna mgonjwa anayengoja, na aliona moshi, na pembeni ya moshi akaona kitu cheupe, na aliambiwa mwanzo wa uwanja kumetandazwa shuka jeupe." Hapo nikatazama, kweli, kulikuwa na shuka limetandazwa, na mimi langu nilikuwa nimelivaa. "Akajiambia, bado kidogo. Akashuka chini ya kimo chake. Akaona ndizi. Mara ya pili akapanda mapema, akasema nitajaribu mara moja tu, nikiona mioshi mitatu tena narudi Bukoba, na mgonjwa Mungu atamjua. Sasa anauliza, moto wa tatu aliuwasha nani?"

Najua wabebaji walikuwa wananitazama kwa sababu shingo iliniwaka. Mzee Tibenda akakohoa kidogo.

"Mwambie ni wa nyumbani kwangu. Tulikuwa tunachoma takataka."

"Tata, usiseme hivyo," nikasema, na sauti yangu ikasikika uwanja mzima, maana mtu aliyenyamaza muda mrefu hajui kupima sauti. "Ni mimi. Nilitaka ishuke mlangoni, asipandishwe kilima. Alikuwa analia."

Projesti akatafsiri. Rubani akanitazama, shuka la tope, tundu la moto, kisigino kimeungua, akasema maneno mengi kwa haraka akitikisa sigara.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Amesema mengi," karani akajibu. "Nitakutafsiria yale yanayosemeka kanisani. Anasema siku nyingine ukiwa na mgeni, umwache apite mlango aliouzoea."

Watu wote wa machimbo wakacheka. Felisiani aliyekuwa kwenye engozi, mguu umefungwa kama gogo, naye akacheka, kisha akapiga ukelele wa maumivu, kisha akacheka tena. Wakamwingiza ndani. Ndege ikaondoka.

Alikaa hospitali Bukoba miezi, na mguu wakauokoa. Ulipona mfupi kidogo, mpaka anazeeka alikuwa anatembea kama mtu anayekwepa madimbwi, lakini ulikuwa wake, akaulimia na akanitafutia watoto. Aliporudi, jioni ya kwanza, akanieleza kwamba kule wodini jirani yake wa kitanda, mtu wa Ihangiro, alimsimulia habari moto moto aliyoisikia kwa manesi. Kuna bibi harusi huko Karagwe, eti alijaribu kuinasa ndege kwa shuka, akalala shimoni na mkwe wake, akazima moto kwa pombe.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza.

"Nilimuuliza, je, mumewe ni nani?"

"Akasema?"

"Akasema hamjui, ila anamhurumia."

"Nawe ukanyamaza tu?"

"Koku, ningefanyaje? Nilimwambia hata mimi namhurumia."

Nililia na kucheka kwa pamoja, na usiku ule nikaapa mbele yake, na kiapo sijakivunja. Nikisikia ndege inapita juu, hata kama ukungu umefunika mpaka mlango, naingia ndani, nakaa kitako, nakunja mikono. Marubani waamue wenyewe pa kutua.